Baraza la Kuku

Raheli Kitundu alisingiziwa kwamba ndiye aliyelivunja baraza la mji wa Ilongwe. Kwa miaka saba mji ule mdogo, ulio kando ya njia ya kwenda Kinampanda, haukuwa na kiongozi hata mmoja aliyepigiwa kura, na kwa miaka saba kila aliyekosa pa kupeleka shida yake alimtazama yeye, mama wa watu, muuza kuku. Aliyemtia katika maneno hayo ni Laurenti, karani wa mji. Alimtia kwa kalamu, saa nne ya asubuhi, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyeona.

Ilongwe ina vitongoji tisa. Zamani kila kitongoji kilichagua mwenyekiti wake, na wenyeviti hao tisa ndio waliokuwa baraza la mji. Hawakuwa malaika. Walichelewa vikao, waligombania viwanja, na mmoja wao alikuwa akisinzia kikaoni mpaka anakoroma. Lakini milango yao ilijulikana. Ukiwa na neno ulikwenda ukapiga hodi, ukamkuta mwenyekiti anakula ugali wa mtama na mlenda, ukasema neno lako, naye akajua kwamba asipokusikiliza, siku ya kura utamkumbuka. Aliyewaongoza wote tisa alikuwa mzee Simeoni, kaka mkubwa wa mume wake Raheli.

Kisha ikaja barua kutoka kwa wakubwa. Baraza limevunjwa, ilisema, kwa ombi la wananchi wenyewe, na mji utaendeshwa na kamati ya muda ya watu watano. Watano hao hawakuchaguliwa na mtu. Waliteuliwa. Wawili walikuwa wenyeji, watatu walikuja na gari Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Watu wa Ilongwe, ambao hawashindwi kumpa mtu jina, wakawaita Wateule. Neno "muda" nalo likavutika kama mlenda. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu, likawa bado linavutika.

Laurenti ndiye aliyekwenda nyumbani kwa mzee Simeoni na karatasi mkononi.

"Mzee, usinione mimi mbaya," alisema, mbele ya mke wa mzee, Eliza. "Mimi ni karani tu. Hoja ni ya shemeji yako, mke wa mdogo wako. Jina lake hili. Na dole gumba lake hili."

Mzee Simeoni hakupiga kelele. Alimwita Raheli, akamweka kwenye kigoda, akamuuliza mara moja tu.

"Mama Happiness, ulisema baraza livunjwe?"

"Shemeji, mimi baraza lako sijalitaja hata siku moja. Nitasimama wapi, mimi, niseme hivyo?"

"Na dole gumba?"

"Siku ya mkutano tuliweka wote. Karani alisema ni la kuonyesha kwamba umefika."

"Haya," alisema mzee. Lile "haya" ndilo neno la mwisho alilompa. Miaka miwili baadaye alikufa, na siku ya mazishi, watu walipopanga mstari kutupa udongo kaburini, Raheli alipoinama kuchota wake Eliza alimshika kiwiko.

"Wewe acha," alimwambia, wala hakupaza sauti. "Wewe ulishamfukia zamani."

Raheli aliufungua mkono, udongo ukaanguka palepale. Mume wake alikuwa hatua tatu nyuma yake. Aliona, akatazama viatu vyake. Huyo mume alikuwa akimwamini chumbani na kunyamaza uwanjani, na mtu wa namna hiyo ni mzigo kuliko anayekukataa wazi, maana huwezi hata kumkasirikia ukamaliza.

Basi Raheli akarudi kwenye kuku wake.

Biashara yake ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya gulio alizunguka vijijini na baiskeli, akinunua kuku kwa akina mama wa Iramba ambao hawana nafasi ya kuja sokoni. Kuku wengine hakuwanunua, aliwachukua awauze kwa niaba ya wenyewe, na hapo ndipo palipotaka akili, maana kuku wa mama huyu wakichanganyika na wa mama yule ni vita. Raheli hakusoma hata darasa moja. Baba yake alisema mbuzi hawajichungi. Kwa hiyo hakuandika. Alifunga vitambaa. Kuku wa mama mmoja alifungwa kitambaa chekundu mguu wa kulia, wa mwingine chekundu mguu wa kushoto, wa mwingine cha maua, wa mwingine viwili pamoja. Vitambaa alipewa na Kudra, fundi cherehani, mwanamke wa Singida mjini aliyeolewa Ilongwe, ambaye cherehani yake ilikuwa sokoni palepale. Yalikuwa mabaki ya magauni na sare za shule. Matenga yakijaa kuku sitini, Raheli aliingiza mkono, akapapasa mguu, akajua huyu katoka kwa nani na anataka auzwe au arudishwe. Hajawahi kupoteza hata mmoja, isipokuwa mwaka wa kideri, ugonjwa ule unaomaliza kuku.

"Wewe shoga yangu," Kudra alikuwa akimwambia, "ungesoma ungekuwa waziri."

"Ningesoma ningekuwa karani," Raheli alijibu, "na nisingelala usingizi."

Sokoni walimwita Vunja. Si wote, na si usoni. Lakini bomba la soko lilipokauka na Wateule wakasema suala linashughulikiwa, mtu alisema, "Kamuulizeni Vunja." Njia ya zahanati ilipokatwa na mvua, mtu wa kitongoji cha huko, asiye na mwenyekiti wa kumwendea, alimpitia Raheli na kusema, "Mama Happiness, hii nayo ni baraka yako." Mara tatu alikwenda kwa Laurenti kuomba asomewe karatasi ile. Mara ya kwanza aliambiwa ni waraka wa serikali. Mara ya pili aliambiwa jalada liko juu. Mara ya tatu Laurenti alimuuliza kwa upole, "Mama, nikikupa utaisoma?" na vijana wawili waliokuwa wakisubiri mihuri wakacheka.

Naye hakukumbuka. Hilo ndilo lililomla. Mkutano wenyewe ulikuwa umepita miezi minane kabla ya barua kuja, na mikutano ilikuwa mingi. Alijichunguza usiku na mchana. Alijua hajasema. Lakini watu wazima wenye akili zao walisema walimsikia kwa masikio yao akisema baraza livunjwe, na wakasema walipiga makofi. Ikafika mahali akaanza kujiogopa, kama mtu aliyeambiwa anaongea usingizini.

Mwaka wa saba, alizeti ilipokwisha kupurwa, nao upepo wa baridi wa mwezi wa sita umeanza kupeperusha vumbi sokoni, likabandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mji. Kamati ya muda inamaliza kazi. Wananchi wa vitongoji vyote tisa watachagua wenyeviti wao, na baraza litarudi. Chini ya tangazo, kwa kuwa mkubwa fulani mgeni alitaka kila kitu kiwe wazi, zilibandikwa nakala za barua zote za tangu mwanzo, pamoja na muhtasari wa ule mkutano.

Mwalimu Klara ndiye aliyeuona. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na desturi yake ilikuwa akija kununua mayai anawasomea akina mama wa soko chochote kilichobandikwa, kwa sauti ileile anayofundishia, kiasi kwamba hata wanaojua kusoma walisogea.

"Raheli," aliita. "Njoo. Hii inakuhusu. Nisome au nisisome?"

"Soma," alisema Raheli. Alikuwa ameshika jogoo kwapani.

Mwalimu Klara alisafisha miwani na upande wa kanga, akasoma.

"'Ndugu Raheli Kitundu, mkazi wa kitongoji cha Sokoni, alisema kwamba baraza limechakaa, limepasuka, sasa linaumiza watu, hasa kina mama. Alisema baraza livunjwe upesi, lijengwe jingine. Wananchi waliunga mkono kwa makofi.'"

Wengi walitazama chini, kwa maana kusikia mtu anasomewa kosa lake hadharani si jambo zuri, hata kama ulikuwa ukilisema kila siku nyuma ya mgongo wake.

Raheli akamwachia jogoo.

"Hayo maneno ni yangu," alisema.

"Ni yako?" Mwalimu Klara alivua miwani. "Miaka saba unakana, leo ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu. Nilisema hivyohivyo. Limepasuka, linaumiza watu. Mama mmoja wa Kinampanda alikuwa amechanika mguu hapo, damu mpaka kwenye kandambili." Aliinua mkono. "Nilikuwa nasema lile."

Wote wakageuka kufuata mkono wake. Upande wa juu wa soko, chini ya paa la bati, palikuwa na jukwaa la saruji lililojengwa zamani, refu kama mabehewa mawili, ambalo wauza kuku huketi na kuweka matenga yao. Lilikuwa limepasuka katikati, nondo zimechomoza kama meno. Mjenzi wake hakuliita kitu, lakini akina mama wa kuku, kwa kuwa walikaa juu yake kama watu wanavyokaa barazani kwao, waliliita baraza. Hawakuwa na jina jingine. "Niwekee nafasi barazani." "Tenga langu liko barazani." Baraza la mji lilikuwa jambo la wazee na viti. Kwa Raheli, siku aliposimama mkutanoni, baraza lilikuwa moja tu duniani, na lilikuwa limepasuka.

Kudra ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, kisha kicheko kikageuka, akawa anafuta machozi na kipande cha kitambaa cha sare.

"Jamani," alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele yake siku ile. Aliponyoosha mkono kuonyesha hilo jukwaa kidogo anitoboe jicho. Nikamwambia, shoga, ondoa kidole chako. Nakumbuka kabisa! Miaka saba nasikia watu wanasema baraza, baraza, na mimi akili yangu imelala kama kuku kwenye tenga."

"Na hebu tazameni hapa," alisema Mwalimu Klara, ambaye alikuwa amerudi kwenye ubao na kugusa karatasi kwa ukucha. "'Lijengwe jingine.' Lijengwe! Baraza la mji linaundwa, linachaguliwa. Nani alijenga baraza la mji kwa mchanga na kokoto? Huyu karani alisikia vizuri sana. Angekuwa amekosea kusikia angeandika liundwe. Aliandika alichosikia, akakipeleka alikotaka."

Raheli alikwenda kumtafuta jogoo wake, ambaye alikuwa amefika kwenye mahindi ya mtu. Watu walidhani amefurahi. Hakuwa amefurahi. Kwa miaka saba alikuwa amejipa moyo kwamba alisingiziwa kitu ambacho hakikutoka kinywani mwake, na sasa amejua kwamba kilitoka. Mtu akikuibia kanga ukaiona mwilini mwa mwingine, angalau unajua ni kanga yako. Lakini wamekwisha kuivaa, wameichafua, na harufu si yako tena.

Wiki ya mwisho kabla ya kura, kila kitongoji kilipewa siku ya kuwasikia wagombea. Kitongoji cha Sokoni kilikuwa na wawili. Mmoja alikuwa Abdulmajidi, mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu mtaratibu ambaye Wateule walimpenda. Wa pili alikuwa Sostenes, mtoto wa marehemu mzee Simeoni. Mkutano ulifanyika palepale sokoni, na Laurenti, ambaye sasa aliitwa kaimu mtendaji, ndiye aliyeuongoza. Eliza alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kama anavyostahili mama wa mgombea.

Wagombea walisema yao. Maji, njia, choo cha soko. Kisha Laurenti akauliza kama kuna swali, na Raheli akasimama.

"Swali kwa mgombea yupi, mama?"

"Kwako."

"Mimi sigombei," alisema Laurenti, na baadhi ya watu wakacheka pamoja naye.

"Najua. Wewe hujawahi kuhitaji kura ya mtu." Hapo waliocheka ni wengine. "Nauliza, Karani. Ile karatasi iliyobandikwa ubaoni, yenye jina langu. Uliiandika wewe?"

"Niliiandika mimi. Na niliandika ulichosema, neno kwa neno. Kuna mtu hapa anabisha?"

"Hakuna. Hata mimi sibishi. Hukuongeza neno, hukupunguza." Sauti ya Raheli ilikuwa ya chini, ikabidi watu wa nyuma wasogee. "Nakuuliza kitu kimoja. Nilipokuwa nasema maneno yale, kidole changu kilikuwa kinaonyesha wapi?"

Laurenti alitabasamu, tabasamu la mtu wa ofisini.

"Mama yangu, vidole haviandikwi kwenye muhtasari."

"Mbona cha gumba kiliandikwa?"

Soko lililipuka. Watu walipiga makofi kwenye mapaja, mzee mmoja akatupa kofia yake juu, na Kudra akapiga kigelegele kilichoamsha kuku wote matengani. "Cha gumba mlikichukua," alisema Kudra kwa sauti, "cha shahada mkakiacha! Na cha shahada ndicho cha ushahidi, ee Karani!" Laurenti alipiga meza kutaka utulivu. Alipoupata, alisema kwamba muda wa maswali umekwisha, na kwamba mambo ya zamani yana utaratibu wake.

Raheli hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akimtazama Eliza. Eliza alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, akilitazama lile jukwaa la saruji na nondo zake, akilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akageuka mbele.

Siku ya kura Raheli alifika mapema. Karani wa kituo, msichana mgeni mwenye adabu, alimwamkia, akamuuliza kama anataka mtu wa kumsaidia kusoma.

"Kuku sitini nawajua kwa kupapasa miguu," alisema Raheli. "Nitashindwa watu wawili wenye picha?"

Aliingia kwenye kibanda cha maboksi. Alikaa humo muda mrefu kidogo kuliko wengine, si kwa kutojua, ila kwa sababu miaka saba ni mingi na alitaka kusimama pale. Alimpigia Sostenes. Hakumpigia kwa undugu, maana nyumba ile ilikuwa haimpi hata maji. Alimpigia kwa sababu baba yake alikuwa mtu ambaye ukipiga hodi anafungua. Alipotoka, walimpaka wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mkono uleule wa lile dole gumba. Alikitazama njia nzima.

Sostenes alishinda kwa kura sitini na moja. Abdulmajidi alimpa mkono mbele ya watu na kumwambia asisahau choo cha soko. Jioni ile kulikuwa na wenyeviti tisa Ilongwe, na kesho yake asubuhi milango tisa ilikuwa na watu waliokaa nje wakisubiri, wengine wana shida, wengine wamekuja tu kuona kama mlango unafunguliwa. Wateule wale watatu walipanda gari lao Alhamisi kama kawaida, ila Jumatatu hawakurudi.

Kikao cha kwanza cha baraza kilikuwa cha wazi. Wenyeviti walimchagua Sostenes akae kiti cha baba yake. Raheli alikwenda na Mwalimu Klara na Kudra, wakakaa kwenye benchi la nyuma, na ilipofika nafasi ya wananchi Raheli alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, kisha akaona ni mzaha kumwita hivyo mtoto aliyembeba mgongoni. "Sostenes. Mimi siombi kitu. Naomba neno langu lirudishwe mahali lilipotoka. Liandikwe kwamba nilikuwa nasema baraza la kuku."

"Mama mdogo," alisema Sostenes, naye alilisema neno hilo mbele ya wote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nimekusikia. Baraza limekusikia. Karani, andika."

Maana karani alikuwa bado ni Laurenti. Wateule waliondoka na cheo chake cha ukaimu, lakini kalamu haikupigiwa kura. Alikuwa amekaa pembeni na daftari lake, akiandika kwa mwandiko ule mzuri.

"Mheshimiwa," alisema bila kuinua uso, "ninaandika kwamba ombi limepokelewa. Ila muhtasari wa zamani ni wa mkutano mkuu wa wananchi. Hauwezi kurekebishwa hapa. Urekebishwe na mkutano mkuu."

Wenyeviti walitazamana. Ilikuwa kweli, ndivyo kanuni zilivyosema. Laurenti hajawahi kusema uongo maishani mwake.

"Basi isome," alisema Raheli. "Soma ulichoandika sasa hivi, kabla sijaweka kidole chochote."

Alisoma. "'Ndugu Raheli Kitundu aliomba kumbukumbu zirekebishwe.'"

"Ongeza. Alisema huku ameonyesha kwa kidole."

"Mama..."

"Ongeza, Karani," alisema Sostenes.

Laurenti aliongeza. Mwalimu Klara alisogea, akachungulia juu ya bega lake kama anavyochungulia madaftari ya watoto, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Raheli akaweka dole gumba.

Siku tatu baadaye, siku ya gulio, Eliza alikuja sokoni. Hakuwa amekanyaga upande wa kuku kwa miaka saba. Alisimama mbele ya jukwaa, akaweka kiganja juu ya ule ufa, akavuta haraka kwa kuwa ulikuwa na ncha.

"Ni hili?"

"Ni hilo, Mama Sostenes."

"Linaumiza kweli."

"Linaumiza."

Eliza alichagua mtetea mmoja mweusi, Raheli akampa, na walibishana bei kama watu wasiojuana, jambo ambalo lilikuwa adabu kwa wote wawili. Kisha Eliza akakaa. Alikaa juu ya baraza, upande usiopasuka, kuku mapajani.

"Sostenes ameniambia. Kudra ameniambia. Mwalimu amekuja mpaka nyumbani," alisema. "Na mimi mwenyewe nina macho. Lakini sikiliza. Mume wangu hakusikia kwa Kudra wala kwa mwalimu. Alisikia kwa Laurenti, kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yangu. Akafa na maneno ya Laurenti. Basi na mimi nitasikia kwa Laurenti. Aje kwenye kiti kilekile aseme, 'Mzee, nilijua.' Siku hiyo mimi na wewe tutakwenda kaburini, na udongo wako nitakuchotea mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nanunua kuku," alisema Eliza, akaondoka.

Miezi minne sasa imepita. Baraza la mji limerudi, na Raheli haachi kusema kwamba hilo ni jambo jema. Bomba la soko linatoa maji. Hakuna tena anayemwita Vunja, au wanaomwita wanacheka naye. Mume wake ameanza kusema uwanjani maneno aliyokuwa akiyasema chumbani, na Raheli anamwacha aseme, wala hampi shukrani.

Mkutano mkuu wa wananchi, ambao ndio peke yake unaoweza kuirekebisha ile karatasi, Sostenes na wenzake wanane hawajauitisha. Wanasema wataitisha baada ya mvua za kupanda. Jukwaa la kuku nalo liko vilevile, limepasuka, linaumiza watu, halijavunjwa wala halijajengwa jingine. Hayo mawili baraza linadaiwa, na Raheli analikumbusha kila gulio, kwa sauti, huku ameonyesha kwa kidole, ili safari hii asiwepo wa kukosea.

La tatu si la baraza. Laurenti amejenga nyumba mpya karibu na zahanati, yenye baraza pana la saruji nyekundu, na jioni hukaa hapo na redio yake. Ukisimama kwenye baraza lile unauona mlango wa Eliza. Si mbali, ni kuvuka uwanja wa mpira tu. Ndani ya mlango ule kiti cha mzee Simeoni kiko palepale kilipokuwa, kimefutwa vumbi, na Laurenti hajavuka.